Kokotoa mwenyewe volteji ya seli iliyotulia

Seli ya neva ikiwa imetulia, upande wa ndani wa utando wake huwa hasi kwa takriban milivolti 70 ukilinganishwa na nje. Wanafunzi wengi huikariri namba hiyo bila kujua imetoka wapi. Ikokotoe mara moja kwa mkono wako, utaona kila ioni (chembe yenye chaji ya umeme) inavutia upande gani. Unachohitaji ni karatasi na kikokotoo chenye kitufe cha log.

Hatua ya 1: Andika ukolezi wa pande zote mbili

Kwa seli ya neva ya mamalia, tumia namba hizi (milimoli kwa lita):

Potasiamu: ndani 140, nje 4
Sodiamu: ndani 12, nje 145

Tofauti hizi hulindwa na pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwa kila molekuli ya ATP (kibeba nishati cha seli), pampu hiyo hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Chaji moja ya ziada inayotoka kila mzunguko huongeza milivolti chache tu. Kwa hiyo usiseme pampu ndiyo inayotengeneza volteji yote. Kazi yake kubwa ni kutunza akiba, na volteji huzaliwa potasiamu inapovuja.

Hatua ya 2: Chukua potasiamu peke yake

Chukulia kwamba utando unapitisha potasiamu tu. Itatoka, kwa sababu ndani imejaa. Protini na fosfati zenye chaji hasi haziwezi kuifuata, hivyo ndani hubaki hasi, na uhasi huo huanza kuirudisha potasiamu. Mvuto wa kurudi ukilingana na msukumo wa kutoka, zinazotoka huwa sawa na zinazoingia. Mlingano wa Nernst unatupa volteji ya hapo:

E = (61.5 ÷ z) × log(nje ÷ ndani)

Namba 61.5 ni ya nyuzi joto 37. Kwa nyuzi 20 tumia 58. Herufi z ni chaji ya ioni.

Potasiamu: 61.5 × log(4 ÷ 140) = −95
Sodiamu: 61.5 × log(145 ÷ 12) = +67

Ukipata −219 kwa potasiamu, umebonyeza ln badala ya log. Ukipata +95, umegeuza nje na ndani. Kwa kloraidi kumbuka z ni −1.

Je, potasiamu ya ndani haipungui kwa kutoka huko? Karibu haipungui kabisa. Katika seli ya duara yenye nusu kipenyo cha mikromita 10, ioni moja tu kati ya 64,000 hivi ikitoka, milivolti 70 zimeshapatikana. Ndiyo maana namba za Hatua ya 1 hazibadiliki wakati unaendelea na hesabu.

Hatua ya 3: Ingiza sodiamu inayovuja

Utando halisi hupitisha sodiamu kidogo. Hapa tuchukue 0.04 ya upenyezaji wa potasiamu. Tumia mlingano wa Goldman, unaojumlisha ioni zote kulingana na jinsi kila moja inavyopenya:

V = 61.5 × log[(4 + 0.04 × 145) ÷ (140 + 0.04 × 12)]
V = 61.5 × log(9.8 ÷ 140.48) = −71

Jibu limekaa karibu na −95 kuliko +67, kwa kuwa potasiamu ndiyo yenye njia nyingi zilizo wazi. Ukitaka kuongeza kloraidi, ya ndani iweke juu na ya nje chini; chaji yake ni hasi, na hapa ndipo wengi hukosea.

Hatua ya 4: Badilisha namba moja moja

Shusha sodiamu ya nje kutoka 145 hadi 135: unapata −72, badiliko la milivolti 1 tu. Rudisha 145, kisha pandisha potasiamu ya nje kutoka 4 hadi 8: unapata −62. Milimoli 4 tu zimesogeza volteji kwa milivolti 9.

Utando ukikaa hivyo kwa muda, sehemu ya njia za sodiamu hujifunga na hazifunguki zinapohitajika. Jambo hilohilo likitokea kwenye moyo, mapigo huvurugika, na ndiyo sababu potasiamu ya juu kwenye damu hutibiwa kwa haraka. Lakini angalia kwanza sampuli: chembe nyekundu zikipasuka ndani ya kichupa humwaga potasiamu yake, na kipimo husoma juu wakati mgonjwa mwenyewe yuko sawa.