Hesabu Krediti Kabla ya Ada: Kuchagua Shahada ya Biashara ya Mtandaoni Nchini Marekani

Mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Marekani, na anayetaka shahada ya kwanza ya biashara kwa njia ya mtandao, mara nyingi huanza kwa kulinganisha ada ya krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa somo, katika chuo hiki na kile. Huko ni kuanzia katikati. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ina krediti 120 za muhula, na kwa mtu aliyewahi kusoma kwingine gharama yake haitokani na ada pekee, bali na idadi ya krediti ambazo bado hajazipata. Chuo kinachotoza dola 250 kwa krediti lakini kikamwachia mwanafunzi krediti 72 za kusoma kitamgharimu dola 18,000; kile kinachotoza dola 390, lakini kikapokea masomo yake ya zamani hadi zikabaki krediti 36 tu, kitamgharimu dola 14,040, tena kwa nusu ya muda wa kukesha baada ya zamu ya usiku. Kwa hiyo swali la kwanza ni vyeti vilivyo kabatini vina thamani ya krediti ngapi.

Wengi wetu huvipunja vyeti vyetu, na wengine huvizidishia. Nchini Tanzania, katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, krediti moja huhesabiwa kwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu huwa na krediti 360. Marekani mwaka mmoja kamili wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 30. Maana yake ni kwamba aliyemaliza mwaka wa pili wa chuo kikuu akiwa na krediti 240 za nyumbani atarajie kiasi cha krediti 60 za Marekani kabla ya makato yoyote, na somo lake la krediti 12 litakuwa karibu na somo la krediti 3. Anayedai kwamba amekwisha kuivuka shahada nzima kwa kuwa 240 ni mara mbili ya 120 analinganisha kilo na ratili.

Kwa upande wa pili, Mtanzania au Mganda aliyemaliza kidato cha sita hukiacha cheti hicho nyumbani akidhani ni cha sekondari tu, ilhali vyuo vingi vya Marekani hutoa krediti za mwaka wa kwanza kwa masomo ya kiwango cha juu yaliyofaulu vizuri. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 hana nafasi hiyo, kwa sababu KCSE huhesabiwa kuwa mwisho wa sekondari, lakini wale waliofanya KACE, mtihani wa kidato cha sita, kabla ya mfumo huo kuiondoa wanayo. Mkongomani mwenye cheti cha graduat cha miaka mitatu ana hazina kubwa, ila stakabadhi zake zitahitaji tafsiri rasmi kutoka Kifaransa. Stashahada ya chuo cha ufundi au cha uhasibu nayo isitupwe, ingawa mapokezi yake hutofautiana sana kati ya chuo na chuo.

Hapa nina neno kwa aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza nyumbani. Asikimbilie kuisoma upya. Afanyiwe kwanza tathmini, kwa maana huenda akastahili kuingia moja kwa moja katika shahada ya uzamili, na tena mwenye shahada ya kwanza hapati ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani iitwayo Pell, hata kama shahada hiyo ilitolewa nje ya Marekani.

Tathmini ya vyeti vya nje hufanywa na taasisi kama World Education Services na Educational Credential Evaluators, ambazo ni wanachama wa umoja uitwao NACES. Kabla ya kulipa, kiulize chuo unachokikusudia kinapokea ripoti ya taasisi ipi, kwani kulipia mbili ni hasara isiyo na sababu, na vyuo vingine hufanya tathmini vyenyewe bila malipo. Omba ripoti ya somo kwa somo, inayotaja kila somo, krediti zake na daraja lake. Ile ya jumla, inayosema tu kwamba cheti chako ni sawa na kiwango fulani, haitakusaidia kuhamisha chochote. Ripoti hiyo pia ina kazi moja ambayo wengi hawaifikirii. Katika vyuo vikuu vingi vya kwetu alama 70 ni A, na Marekani alama 70 ni C. Msajili anayesoma 58 yako bila tafsiri ya madaraja atadhani ulifeli, na kwa kuwa vyuo vingi havipokei somo lililo chini ya C, tafsiri hiyo ndiyo inayookoa krediti zako.

Kuzipata nakala rasmi za matokeo kutoka nyumbani ndiko kunakochelewesha watu. Taasisi za tathmini hutaka zitumwe na chuo chenyewe, katika bahasha iliyofungwa kwa muhuri au kwa njia ya kielektroniki, na barua pepe kwa ofisi ya msajili inaweza kukaa miezi bila jibu. Njia ninayoiamini ni kumwandikia ndugu barua ya idhini, pamoja na nakala ya kitambulisho chako, aende dirishani mwenyewe, alipe, na asiondoke bila risiti. Matokeo ya sekondari huthibitishwa na mabaraza ya mitihani, yaani NECTA, KNEC au UNEB. Wakati ndugu yuko hapo chuoni, aombe pia mihtasari ya masomo uliyosoma. Karatasi hizo zinazoonekana za kawaida ndizo zitakazoamua mambo baadaye.

Zitaamua kwa sababu krediti kukubaliwa ni jambo moja, na krediti kutumika ni jambo jingine kabisa. Shahada ya biashara imegawanyika katika elimu ya jumla, msingi wa biashara, masomo ya ubobezi, na masomo ya hiari. Chuo kinaweza kukuandikia kwa furaha kwamba kimekubali krediti zako 60, kisha 35 kati ya hizo kikaziweka kwenye hiari, mahali ambapo shahada yenyewe ina nafasi ya 15 tu. Zile 20 za ziada zitaonekana kwenye karatasi yako maisha yote na hazitakupunguzia hata somo moja. Hapa ndipo fedha nyingi za wahamiaji zinapopotea, na hakuna tangazo la chuo linaloeleza hivyo.

Masomo hayasafiri sawasawa. Takwimu, uchumi mdogo na uchumi mkuu huvuka bahari bila shida kubwa. Kanuni za menejimenti na masoko pia, iwapo muhtasari unaonyesha mada zinazolingana. Sheria ya biashara na kodi ndizo zinazokwama, kwa sababu ulisoma sheria za Kenya au za Tanzania, na chuo kinataka za Marekani. Uhasibu wa mwanzo hupita. Uhasibu wa kati huulizwa maswali, kwa kuwa kwetu hufundishwa kwa viwango vya kimataifa vya IFRS na Marekani wana viwango vyao. Anayelenga leseni ya uhasibu ya Marekani, CPA, asome masharti ya bodi ya jimbo lake kabla ya kuchagua chuo chochote.

Mipaka miwili zaidi huwashtua watu. Wa kwanza ni krediti za lazima ndani ya chuo kitakachotoa shahada, ambazo mara nyingi huwa 30. Wa pili ni masomo ya ngazi ya juu, yale yenye namba za 300 na 400, ambayo vyuo vingi huyataka kwa kiasi cha krediti 30 au zaidi. Masomo ya koleji za jamii, yaani vyuo vya miaka miwili vya bei nafuu, na mitihani mingi ya kupata krediti ni ya ngazi ya chini, kwa hiyo kuyarundika kupita kiasi ni sawa na kununua matofali wakati nyumba inasubiri bati.

Ndiyo sababu nashauri usijisajili mpaka chuo kikupe, kwa maandishi, tathmini inayoonyesha kila krediti yako imeangukia kwenye sharti lipi, na krediti ngapi zimebaki. Ofisa wa udahili akikuambia kwa simu kwamba yote yatashughulikiwa ukishaanza, mshukuru na uendelee na chuo kingine. Somo likiwekwa kwenye hiari bila haki, kata rufaa kwa kutuma muhtasari wake, kwa sababu maamuzi hayo hubadilishwa mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Mapengo yatakayobaki yazibwe kwa bei nafuu kabla ya kuingia chuo kikuu. Koleji za jamii ndizo njia salama zaidi. California, kwa mfano, mkazi wa jimbo hutozwa dola 46 kwa krediti, na Texas ina mtaala wa msingi wa krediti 42 ambao vyuo vya umma vya jimbo hilo hupokeana kwa jumla yake. Kisha kuna mitihani ya kupata krediti iitwayo CLEP, ya College Board, ambayo kila mmoja hugharimu takriban dola 100, na humo kuna uhasibu wa fedha, utangulizi wa sheria ya biashara, kanuni za menejimenti, kanuni za masoko na uchumi wote wawili. Sheria ile iliyokwama hapo juu unaweza kuimaliza kwa mtihani mmoja wa dakika 90. Mkongomani au Mrundi aangalie pia CLEP ya Kifaransa, ambayo kwa alama nzuri huleta krediti kadhaa za elimu ya jumla kwa lugha aliyoizoea tangu darasani. Walio jeshini, na Wakenya huko si wachache, wana nakala yao ya mafunzo ya kijeshi inayoweza kupewa krediti.

Katika kuchagua chuo chenyewe, ithibati ndiyo ya kwanza. Idara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata ya wazi inayoonyesha kila chuo chenye ithibati na aliyeitoa. Chuo kisichokuwamo, kinachoahidi shahada kwa uzoefu wa maisha na malipo ya mara moja, ni duka la vyeti. Ithibati za pekee za biashara ni AACSB, ACBSP na IACBE. Ya kwanza ndiyo yenye hadhi zaidi, lakini kwa anayetaka kupanda cheo kazini sioni sababu ya kuilipia maradufu.

University of Maryland Global Campus na Southern New Hampshire University hupokea hadi krediti 90. Charter Oak State College, Thomas Edison State University na Excelsior University vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wanaokuja na krediti za kila mahali, na kwa mtu mwenye vipande vingi ndivyo ningeanza navyo. Western Governors University, iliyoanzishwa mwaka 1997, hutoza kiasi kimoja kwa kila miezi sita, hivyo anayesoma haraka hulipa kidogo, na anayesoma polepole kwa sababu ya kazi mbili hupoteza faida hiyo. University of the People haitozi ada ya masomo bali ada ya tathmini kwa kila kozi, na mwaka 2025 ilipata ithibati ya WSCUC, mojawapo ya taasisi zinazotoa ithibati kwa vyuo vya Marekani.

Malipo hutegemea hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye grini kadi, akiwamo aliyeshinda bahati nasibu ya viza, pamoja na mkimbizi na aliyepewa hifadhi, anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025/26 hufika hadi dola 7,395 na hairudishwi. Mwajiri naye anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, na maghala na hospitali ambako wengi wetu hufanya kazi mara nyingi huwa na mpango huo, ila lazima uulize. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hawezi kusoma shahada ya mtandaoni akiwa ndani ya Marekani na kubaki na hadhi yake, kwani anaruhusiwa kuhesabu kozi moja tu ya mtandaoni kwa muhula katika mzigo wake wa lazima.

Anayekusudia kurudi kufanya kazi nyumbani aandike barua mapema kwa mamlaka ya nchi yake inayotambua shahada za nje, yaani TCU akiwa Mtanzania, KNQA akiwa Mkenya, au NCHE akiwa Mganda, akitaja jina la chuo, ithibati yake, na kwamba masomo ni ya mtandaoni na sehemu ya krediti imehamishwa, kisha ahifadhi jibu pamoja na mihtasari ile iliyoletwa na ndugu.