SOMO: Kupangisha vyumba Dar bila kufikishana polisi na mpangaji (wenye nyumba wapya someni hapa)

Wakuu salaam. Kila wiki naletewa meseji zile zile, mpangaji hataki kutoka nifanyeje, wapangaji wanagombania LUKU nifanyeje, dalali kaniletea mtu simwelewi nifanyeje. Leo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii. Mimi nina vyumba sita Kimara, vinne vya uani na viwili masta (choo ndani), napangisha tangu 2014. Maghorofa ya Masaki na fremu za Kariakoo siyajui, huko waulizeni wa huko.

HATUA YA 1. Maliza nyumba kabla hujatangaza. Vitasa, nyavu, koki, choo kinashusha maji.

HATUA YA 2. Bei. Zunguka mtaani kwako uulize vyumba vitatu vinne vinavyofanana na chako. Dalali usimsikilize peke yake maana yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja toka kwa mpangaji, bei ikipanda na yake inapanda, afu chumba kikikaa miezi minne hakina mtu hasara ni yako.

HATUA YA 3. Mjue mtu kabla hujapokea hela yake. Kopi ya NIDA, anafanya kazi wapi, namba ya ndugu yake mmoja, na ulizia alikotoka. Ila usimuulize mwenye nyumba wake wa zamani tu, kama anataka kumtoa atakusifia huyo mtu mpaka ushangae. Muulize mjumbe wa kule, au jirani waliyekuwa wanachangia choo.

HATUA YA 4. UFUNGUO. Hapa naomba msome taratibu maana hapa ndo niliumia.

2016 alikuja kijana mpole, ana kazi, mke mjamzito, chumba masta. Makubaliano miezi sita. Akatoa ya miezi miwili akasema mshahara ukitoka ntamalizia, nikamwangalia yule mama alivyosimama na mizigo pale getini nikatoa ufunguo. Mkataba nikasema tutaandika akimalizia. Mshahara haukutoka. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, kila nikigonga kuna msiba, kuna mtoto kalazwa, na mengine yalikuwa kweli, sisemi alikuwa mwongo wa moja kwa moja. Mwezi wa sita nikachoka, wakiwa hawapo nikaweka kufuli langu juu ya la kwake. Jioni wakaja na mwenyekiti wa mtaa, kesho yake polisi, akasema ndani aliacha hela ya kulipia hospitali sasa haioni. Nitathibitishaje kwamba sikuingia? Karatasi sina, shahidi sina, kufuli ni langu. Nilimlipa mimi wakuu. Nilisamehe kodi ya miezi minne na nikatoa hela juu ili aondoke.

Kwa hiyo:
- Ufunguo unatoka baada ya hela yote kuingia na mkataba kusainiwa. Yote. Kama hana ya miezi sita andikeni mkataba wa miezi mitatu, si dhambi, lakini alipe hiyo mitatu yote.
- Usifunge chumba cha mtu, usikate umeme, usitoe vyombo nje, usiezue bati. Hata kama anadaiwa. Ukishafanya hivyo kesi inageuka, mwenye kosa unakuwa wewe.
- Akigoma kabisa anza kwa mjumbe na serikali ya mtaa muandikiane, ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata tangu sheria ibadilishwe 2021 linasuluhisha tu, haliamui.

HATUA YA 5. Mkataba. Kurasa mbili zinatosha: majina, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia lini mpaka lini, nani analipa maji na taka, watu wangapi wanaishi humo, notisi ya kila upande. Mashahidi wawili, mmoja wako mmoja wake. Nakala mbili.

HATUA YA 6. Makabidhiano. Ingieni wote chumbani na simu, piga picha kuta, dari, soketi, choo, mtumie hapo hapo WhatsApp mbele yake. Akija kuhama hamna ubishi kioo kilipasuka lini.

HATUA YA 7. LUKU. Kama uwezo unaruhusu kila mpangaji awe na mita yake ya TANESCO. Wengi wanadhani mita moja ni kubana matumizi, piga hesabu uone. Kwa bei zilizopangwa 2016 mteja wa majumbani anayetumia mpaka uniti 75 kwa mwezi ananunua uniti kama shilingi 122 ukishaweka kodi na tozo. Akizoea kupita hapo anahamishiwa kundi la uniti kama 356. Sasa weka wapangaji wanne kwenye mita moja, kila mtu anatumia uniti 40 tu, taa, feni na tivii. Jumla 160. Mita inapanda kundi na wote wanne wananunua kwa 356, mtu ambaye peke yake angetumia kama 4,900 kwa mwezi anatoa zaidi ya 14,000, halafu unashangaa kwa nini wanavizia nani kapiga pasi. Ukishindwa kabisa funga sabmita (mita ndogo ya ndani) kila chumba, usomaji ufanyike siku moja kwa mwezi wakiwepo wote, na namba ziandikwe kwenye daftari linalokaa wazi.

HATUA YA 8. Kodi ipokee kwa simu au benki. Akileta taslimu mwandikie risiti.

HATUA YA 9. Mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha kaeni chini. Unapandisha? Mwambie hapo, usisubiri siku ya kulipa.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Mbezi: Mkuu nimempa mtu ufunguo jana, katoa nusu, nyingine kasema mwisho wa mwezi, hapo vipi?

Mwandishi: Umesoma hatua ya 4? Leo hii nenda na karatasi akiri kwa maandishi anadaiwa kiasi gani na tarehe ya kulipa, mjumbe ashuhudie.

Bonge la Tabata: Mnajisumbua bure, mimi nakata umeme siku mbili mtu anatoka mwenyewe, hizo baraza sijui nini ni za wasomi.

Mwandishi: Mimi si msomi, nimeandika kilichonipata. Kwako bado hakijakupata. Naomba wengine msimfuate.

Mama Wawili: Shikamoo kaka. Mimi mume wangu alifariki akaniachia nyumba ya vyumba vitano Mbagala, mita ya maji ya DAWASA moja, bili ikija ni vita. Nigawe kwa vyumba au kwa vichwa?

Mwandishi: Marahaba dada yangu, pole sana kwa msiba. Gawa kwa vichwa, chumba cha watu watano hakiwezi kulipa sawa na bachela anayeshinda kazini. Mtoto anayenyonya usimhesabu. Andika idadi ya watu kwenye mkataba ili mgeni akizidi mwezi na yeye anahesabiwa. Ila kuna njia nimeona inatuliza zaidi, piga wastani wa bili za miezi sita iliyopita, mfano inakuja 30,000, watu 15, basi kila mtu 2,000 kila mwezi bila kubadilika. Bili ikipungua inayobaki weka akiba ya gari la kunyonya shimo, na waambie wazi iko kiasi gani. Kabla ya kufanya hivyo funga koki zote usiku uangalie mita kama inazunguka. Ikizunguka kuna mahali maji yanavuja na hao watu wanagombana bure.

Mama Wawili: Nimefunga jana usiku, inazunguka kweli!! Asubuhi naita fundi. Mungu akubariki.

Mwandishi: Amina. Mwambie aanze na tangi la choo kabla hajachimba chochote.

Mpangaji Mwema: Mimi ni mpangaji, naomba kuuliza kwa heshima. Kodi ya jengo si ya mwenye nyumba? Kila mwezi inakatwa kwenye LUKU yangu na mwenye nyumba anasema ndo utaratibu.

Mwandishi: Swali zuri sana na wenzangu tusilikwepe. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Inakatwa kwenye mita kwa sababu ni rahisi kukusanya, mdaiwa ni mwenye jengo. Kwa mwaka ni 18,000. Mimi napunguza kwenye kodi ya chumba wakati wa kulipa, nimeandika kwenye mkataba kabisa. Tunza meseji za LUKU, mpelekee ukiwa umejumlisha, ongea naye vizuri. Na wenye mita mbili tatu kwenye jengo moja angalieni makato yasijirudie, ikitokea peleka namba za mita ofisini warekebishe.

Asiyesoma: Mkuu mkataba unauzwa wapi?

Mwandishi: Hatua ya 5. Kalamu na karatasi.

Fundi Rangi: Niongezee kidogo. Vyumba vya kupangisha msipige rangi ya maji ukuta mzima. Kuanzia chini mpaka usawa wa kifua pigeni ya mafuta, mtu akihama mnafuta kwa sabuni siku hiyo hiyo mwingine anaingia. Jikoni na chooni ndo kabisa.

Mwandishi: Hii sikuijua, nina masta moja inaachwa mwisho wa mwezi huu. Hiyo ya mafuta inakaa juu ya rangi ya maji iliyopo au lazima nikwangue kwanza?

Fundi Rangi: Kama haijabanduka piga msasa tu, futa vumbi, pitisha praima mkono mmoja ndo uweke ya mafuta. Ilipovimba kwa unyevu kwangua mpaka kwenye plasta, na utafute kwanza maji yanatokea wapi.