Mnyauko wa mialoni Texas: anza na jani

Kama unakaa Texas na una mwaloni uani kwako, okota jani lililodondoka ulitazame juani. Ukiona mishipa imekuwa ya njano au kahawia na katikati yake bado kijani basi shtuka, hao ni fangasi wanaziba njia za maji ndani ya mti. Mwaloni mwekundu ukishaanza kuonyesha dalili hauchukui muda, wiki chache tu umekwisha, na chini ya gome lake fangasi wananukia kama matunda yaliyochacha, harufu hiyo ndo inaita mbawakawa wadogo wanaobeba ugonjwa hadi kwenye kidonda kibichi cha mti mwingine.

Kwa hiyo jamani msikate matawi Februari hadi Juni, na mwezi wowote ukikata paka rangi kwenye kidonda hapohapo, usisubiri kesho. Inaniuma sana kuona mti wa kivuli unakufa kisa msumeno wa Aprili!

Mizizi ya miti jirani nayo huungana chini kwa chini na kupitisha ugonjwa, hivyo watu huikata kwa kuchimba mtaro wa kina cha mita 1.2 au zaidi, mita 30 hivi kutoka mti mgonjwa. Dawa ya fangasi ya kuuchoma mti sindano, propikonazoli, iwahi kabla mti haujaugua.