Kabla ya kupima umbali na muda wa ndege kutoka Dar

Kwanza amua unapima kutoka wapi hadi wapi hasa. "Dar hadi Arusha" haitoshi. Kuna uwanja wa Kisongo, pembezoni mwa jiji, ambao kwenye tiketi huandikwa ARK, na kuna uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), unaoandikwa JRO, ulioko wilaya ya Hai, kilomita 50 hivi kutoka Arusha mjini. Ukichanganya alama hizo, kilomita za angani hazitabadilika sana, ila utashuka na karibu saa nzima ya barabara ikikusubiri.

Umbali wa barabara usiuingize kwenye hesabu ya ndege. Dar hadi Mwanza kwa basi, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Angani ni 850 tu.

Ukipima kwa latitudo na longitudo, kaa macho na alama ya kutoa. Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo huandikwa -6.88, 39.20. Ukiisahau hiyo alama, programu itaihamishia Dar Ethiopia na kukupa jibu bila kulalamika: safari ya Dubai, ambayo ni karibu kilomita 3,980, itasomeka 2,670. Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha. Mwanza nayo iko kusini, hivyo ukisahau alama kwa miji yote miwili jibu linatoka sawa, na unaendelea kuamini njia yako hadi siku utakapopima mji wa kaskazini.

Angalia pia kipimo. Marubani hutumia maili ya baharini, yenye kilomita 1.852, si ile ya barabarani yenye 1.609. Dar hadi Nairobi ni maili 360 za baharini, yaani kilomita 667. Ukizidisha kwa 1.609 utapata 579.

Kwa muda, gawa kilomita kwa mwendo wa ndege, kisha ongeza kama nusu saa ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Ndege ya jeti huenda karibu kilomita 830 kwa saa, hivyo Mwanza ni saa moja na nusu. Ya pangaboi aina ya ATR, inayokwenda kama 500, huchukua saa mbili na zaidi kidogo. Kwa hiyo jua aina ya ndege kabla ya kumwambia mwenyeji wako akupokee saa ngapi.

Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. Tuseme unaondoka Dar 16:45 na kufika Dubai 23:15. Tofauti ni saa 6 na nusu, lakini Dubai iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo angani ni saa 5 na nusu. Wakati wa kurudi, ongeza hiyo saa badala ya kuitoa. Na tafadhali, 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi, wala si saa saba mchana. Anayesoma vibaya hapo hufika uwanjani ndege ikiwa imeondoka saa kadhaa zilizopita.

Mwisho, pima njia ya nyumbani hadi uwanja wa Julius Nyerere kwa saa ileile utakayotoka. Barabara ya Nyerere saa nne usiku si ile ya saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imeshika Tazara. Safari ya ndani, uwe umefika saa mbili kabla. Ya nje, saa tatu. Soma na namba ya jengo la abiria (terminal): la pili na la tatu hayako pamoja.