Chai ya maziwa ikimwagika kwenye zulia

Jamani, chai ya maziwa ikimwagika kwenye zulia, usikimbilie brashi wala maji ya moto. Brashi inalisukuma doa ndani na kuzichambua nyuzi. Maji ya moto yanayagandisha maziwa humo humo, na harufu yake mnaijua.

Chukua kitambaa cheupe (cha rangi kinaweza kuchuja), kikunje, kandamiza kwa kiganja, inua, geuza upande mkavu, kandamiza tena. Anzia ukingoni kuelekea katikati ili doa lisitanuke. Kisha changanya vikombe viwili vya maji baridi, kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo na kijiko kikubwa cha siki nyeupe. Jaribu kwanza kwenye kona iliyofichwa na kochi. Lowesha kitambaa, si zulia, uendelee kukandamiza. Malizia kwa maji matupu, maana sabuni ikibaki inanasa vumbi.

Wengi hulia kwamba doa limetoka jioni, asubuhi limerudi. Halijarudi, lilikuwa chini kwenye mizizi ya nyuzi, likapanda na unyevu ulipokuwa unakauka. Ndiyo maana mimi hulaza taulo kavu lililokunjwa juu ya pale palipolowa, naweka ndoo ya maji juu yake hadi asubuhi. Taulo huamka na rangi ya chai!

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe iache kabisa: inababua rangi ya zulia, na ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu.