Barua za familia na picha zilizokuwa ndani yake: namna ninavyozitunza

Ukipata barua za zamani zenye picha ndani, usitoe picha hata moja kabla hujaandika imetoka bahasha gani. Mimi niliharakisha, na mpaka leo naumia. Shangazi alinikabidhi kopo la biskuti lililojaa barua ambazo babu yangu, aliyekuwa mpiga picha, alikuwa akiandikiana na kaka yake. Jioni moja nikazitoa picha zote, nikazipanga kwenye albamu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, nikajiona nimefanya kazi nzuri. Baadaye nikasoma kwenye barua moja: “Ile ya pili nimeipiga alfajiri, usimwonyeshe mama mpaka nije.” Ya pili ni ipi? Hakuna tena wa kunijibu.

Tangu hapo barua za akina Niépce, ndugu wawili wavumbuzi wa Ufaransa, zimekuwa mwalimu wangu. Mwezi Mei 1816 Nicéphore Niépce, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, akiwa kwenye nyumba yao ya Saint-Loup-de-Varennes, Ufaransa, alimwandikia kaka yake Claude kwamba amefanikiwa kunasa banda la ndege lililoonekana kutoka dirishani, kwenye karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, kemikali inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Akaeleza kuwa mandhari ya nyuma imetoka nyeusi na vitu vyenyewe vyeupe. Leo tungesema alikuwa na negativu mkononi. Karatasi nyingine alizitia ndani ya barua, Claude azione mwenyewe. Hakuna hata moja inayojulikana kuwepo leo. Tunajua zilikuwepo kwa sababu tu barua zilitunzwa.

Basi anza hivi. Nawa mikono, ikauke kabisa. Glavu za kitambaa huzuia vidole kuhisi karatasi dhaifu, nayo huchanika. Chukua bahasha moja tu mezani. Ipe namba kwa penseli laini, kwenye kona ya nyuma, bila kukandamiza. Kalamu ya wino usiiguse. Kilichomo ndani kipate namba hiyohiyo pamoja na herufi: barua 14, picha 14a, risiti 14b. Picha iandikie nyuma pembezoni, mbali na sura za watu. Ikiwa karatasi yake inateleza na haishiki penseli, namba iandike kwenye kijibahasha chake. Ukishafanya hivyo unaweza kuzihifadhi mahali tofauti, maana zimeshafungamana.

Bahasha usiitupe. Watu wengi hutaja siku bila mwaka, wewe utauokota kwenye muhuri wa posta. Stempu nazo ziache hapohapo, hata mtoto akizililia.

Pini, vibanio vya chuma na mipira ya kufungia vitoe taratibu, kwa sababu kutu na mpira uliooza hula karatasi. Palipochanika usibandike selotepu. Gundi yake hugeuka rangi ya chai na haitoki. Wala usipeleke barua kufunikwa kwa plastiki ya moto. Ikunjue, ilaze ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, kisha kwenye boksi, chumba kikavu, si darini wala sakafuni. Ikiwa ina ukungu, itenge na nyingine kwanza.

Nakala za skana mimi hupiga kwa nukta 400 kwa inchi, pande zote mbili, hata upande usio na maandishi. Penseli iliyofifia huonekana vizuri ukiipiga picha taa ikiwa ubavuni. Weka nakala sehemu mbili, moja nje ya nyumba yako.

Kisha nakili maneno, neno kwa neno. Makosa ya tahajia yaache. Usilolisoma vizuri litie kwenye mabano ya mraba na alama ya kuuliza. Na usikate yanayouma. Barua za Claude kutoka Uingereza zilijaa matumaini juu ya injini yao, pyréolophore, waliyopewa hataza yake mwaka 1807, huku mali ya familia ikiteketea. Nicéphore alipomfuata mwaka 1827 alimkuta mgonjwa na akili imevurugika. Mwaka uliofuata Claude akafa. Mtu angeziondoa barua hizo kwa kuona aibu, tusingeelewa kwa nini mvumbuzi yule alibanwa na fedha kiasi kile. Ikiwa wahusika wangali hai, zuia isisomwe kwa muda, lakini usichane.

Tafuta pia upande wa pili. Barua nyingi alizoandika babu hazikuwa kwake, zilikuwa kwa kaka yake, na majibu ndiyo yalibaki kwetu. Uliza kwa wajukuu wa yule aliyepokea. Nyaraka za Niépce zilikusanywa na mwanasayansi Joseph Hamel zikafika mpaka Urusi, na huko zikachapishwa mwaka 1949. Karatasi husafiri kuliko wenyewe.

Kuna jambo ambalo penseli na maboksi havilitatui: maneno ya nyumbani. Septemba 1835 Constance, mke wa William Henry Fox Talbot wa Lacock, Uingereza, naye mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alimwuliza mumewe kwa barua kama atasafiri na mitego yake ya panya. Msomaji wa nje angedhani nyumba imevamiwa. Kumbe mitego ni vikamera vidogo vya mbao ambavyo Talbot aliviacha huku na huku vikinasa picha.

Kwetu neno lilikuwa “Mzee”. Babu aliandika mara kwa mara, “Mzee anakohoa tena,” nami nikaweka maelezo kwamba baba yao aliugua kifua muda mrefu. Siku nilipomsomea shangazi kwa sauti, kinasa sauti kikiwa mezani, alinikatiza. “Mzee gani tena, mwanangu? Mzee ni ile kamera ya kukunja. Ngozi yake ilitoboka, ikawa inaingiza mwanga, picha zinatoka na ukungu. Ndiyo kukohoa huko.” Baba yao alikuwa mzima wa afya. Nikarudi kusahihisha maelezo yangu kwenye barua saba, na pembeni ya kila moja nikaandika jina la shangazi na tarehe aliyonieleza.