Kabla hujapanda mchare au kisukari, uliza haya kwanza

Masika yanakaribia na kila siku naona watu wa huku Moshi na Arusha wanaulizana miche ya migomba inapatikana wapi na ni shilingi ngapi. Bei iwe swali la mwisho. Nimeshang'oa migomba 60 kwa mikono yangu mwenyewe shamba la baba kule Kibosho na sitaki mwingine ayapate yale.

Ya kawaida nayapita haraka. Shimo chimba mapema, weka samadi iliyooza vizuri, acha mita tatu kutoka shina hadi shina. Chipukizi ukipewa na jirani menya kiazi chake mpaka kiwe cheupe, ukikuta mitobo ya vifukuzi tupa. Maji unayajua mwenyewe.

Sasa hili la ugonjwa tukae nalo kidogo.

Mimi nilinunua miche ya maabara, ile inayokuzwa kwenye chupa, mchare na kisukari. Muuzaji akaniambia dada hii haina ugonjwa kabisa, na kiukweli hakunidanganya, mche ulikuwa safi. Shida ni mimi nilichosikia, nilisikia "hii haiugui". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa jamani na hakuna aliyenitenganishia. Mche wa maabara ni mche ambao haujaja na ugonjwa, basi. Ukiupanda kwenye udongo wenye ugonjwa unaupata kama mwingine wowote, kwa sababu maabara imesafisha mche lakini jeni ni zile zile za mchare wa bibi yako.

Mwezi wa saba hivi majani ya chini yakaanza kuwa ya njano kuanzia pembeni, yakavunjika kwenye kikonyo yakaning'inia kuzunguka shina kama khanga iliyofungwa kiunoni, huku jani jipya juu bado la kijani limesimama. Mi nikasema ni kiu, nikazidisha maji. Shina likapasuka chini. Mzee jirani akaja na panga, akakata mmoja akanionyesha, ndani kuna nyuzi nyuzi za rangi ya kahawia nyekundu kama zimeloweshwa kwenye chai ya rangi, akasema, "Mwanangu, kona hii babako aliacha kupanda kisukari muda mrefu, hukuuliza?" Sikuuliza. Tulikua tunaambiwa pale jua ni kali.

Huo ndio mnyauko fuzari, wengine wanauita panama. Ni fangasi anayekaa kwenye udongo miaka na miaka, hata ukiacha shamba bila mgomba anakusubiri miaka zaidi ya 20, na hakuna dawa ya kupiga inayomtoa. (Ukikata ukaona uteute wa njano unatoka, huo ni mnyauko wa bakteria, ni habari nyingine, mwite afisa ugani.)

Kilichonifungua macho ni migomba mitano ya ndizi za Bukoba niliyoletewa na shemeji, nikaichomeka katikati ya ile ile mistari. Udongo mmoja, maji mamoja, ile mitano haikuguswa. Nikaanza kuulizia kwa nini, na jibu liko kwenye jeni. Fangasi anaingia kwa mizizi akitafuta mirija inayopandisha maji. Mgomba wowote ukimhisi unajaribu kuziba mirija kwa utomvu mzito ili asipande juu. Tofauti ni kasi. Mgomba sugu una jeni zinazomtambua adui mapema, unaziba pale pale mizizini naye anabaki chini. Mchare na kisukari wanachelewa, wanaziba yeye akiwa ameshapita, kwa hiyo wanaendelea kuziba njia yao wenyewe ya maji na fangasi naye anaijaza, ndo maana mgomba unanyauka kwa kiu wakati udongo umelowa chapachapa.

Na ndizi zetu hazina mbegu, tunapanda machipukizi, yaani shamba zima la mchare ni kama mgomba mmoja uliojirudia. Huwezi kusema labda mmoja kati ya 60 utakuwa na bahati. Ndizi aina ya Gros Michel iliyokuwa inauzwa nje kutoka Amerika ya Kati iliisha hivyo hivyo, kufika miaka ya 1960 wakawa wamehamia aina nyingine, Cavendish, kwa sababu ilikuwa sugu kwa fangasi wa wakati ule, resi ya 1 (resi ni kama ukoo wa fangasi huyu huyu). Halafu ikatokea resi nyingine, TR4, inayoua hiyo Cavendish, na mwaka 2013 ikaonekana Msumbiji, jirani zetu kabisa.

Kwa hiyo neno "sugu" ukiambiwa usikubali likiwa peke yake. Uliza sugu kwa ugonjwa gani, resi ipi. Muuzaji akishindwa kujibu ondoka.

Wapo wanaohangaikia hili hapa hapa kwetu. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walioko Arusha pale chuo cha Nelson Mandela wanachanganya mchare na ndizi nyingine zenye usugu, kazi ngumu maana mchare kutoa mbegu ni nadra mno. Australia nao wamechukua jeni inaitwa RGA2 kutoka mgomba pori wakaitia kwenye Cavendish, ikaruhusiwa 2024. Cha ajabu Cavendish ya kawaida nayo inayo hiyo jeni, ila ndani yake inafanya kazi kidogo mno. Huku kwetu haiuzwi, mtu akikuambia anayo mkimbie.

Kabla ya kununua basi, zunguka kwa wazee uliza kona gani kisukari kilikauka, mwaka gani, hata kama ni kihamba cha baba yako na unadhani unakijua. Kona hiyo usiweke mchare, weka ndizi za Bukoba au zao lingine kabisa. Kama huna uhakika panda kisukari vinne vitano tu kwanza, subiri mwaka, kata uangalie ndani. Panga la kuazima lioshe kwa jiki kabla halijagusa mgomba wako. Angalia mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita shamba la nani kabla ya kufika kwako, kwa sababu maji yanabeba udongo na udongo unabeba fangasi, na vibarua waliotoka kuvuna kwingine wakung'ute matope kwenye mabuti hapo getini, na gari la kubeba mikungu libaki barabarani lisiingie shambani, na machipukizi ya bure kutoka kwa mtu ambaye shamba lake hujaliona usipokee hata kama ni ndugu.